Mipaka ya Volti Kwenye Maingizo ya Komparata: Mwongozo wa Kujenga Kinga ya Betri ya Taa za Dagaa

Taa za kuvulia dagaa siku hizi nyingi ni za LED, na zinakula umeme wa betri ya 12 V. Kuanzia Msanga Mkuu na Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa, betri hizo zinakufa mapema kwa sababu ileile: usiku wa giza mvuvi anaziacha taa ziwake mpaka zififie zenyewe, na betri ya risasi na asidi ikinyonywa hadi chini namna hiyo mara kwa mara, sahani zake za ndani zinaharibika na haishiki tena chaji. Dawa yake ni sakiti ndogo ya kukata taa kabla betri haijafika huko. Moyo wa sakiti hiyo ni komparata, chipu ya bei ndogo inayolinganisha volti mbili na kusema ipi kubwa.

Michoro ya sakiti za aina hii imejaa mitandaoni, na mafundi wengi wa huku kwetu wanaweza kuinakili na kuilehemu vizuri kabisa. Kinachowaangusha ni jambo moja ambalo michoro mingi hailisemi: maingizo ya komparata, yaani miguu inayopokea volti za kulinganishwa, yana mipaka ya volti, na mipaka hiyo si mmoja. Upo mpaka wa kuungua na upo mpaka wa kusema kweli. Kati ya hiyo miwili kuna eneo ambamo chipu ni nzima, haina joto, haina moshi, lakini jibu inalotoa si la kuaminika. Chipu iliyoungua utaitambua haraka. Inayodanganya inaweza kukaa ndani ya boti mwezi mzima ikimaliza betri ya watu, na lawama anabebeshwa muuza betri.

Ni kama mizani ya ghala la korosho: ukiupakia mzigo uliozidi kipimo chake, chuma hakikatiki, lakini namba inayosomeka pale huwezi kumlipa nayo mkulima.

Hapa nitatumia LM393, kwa kuwa ndiyo rahisi kuipata madukani na hata kwenye bodi za zamani. Ina miguu minane na komparata mbili ndani. Ukiielewa hii, nyingine utazisoma mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta mistari mitatu kwenye karatasi ya data

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, fungua karatasi ya data (maelezo ya mtengenezaji) ya chipu uliyonayo. Usiisome yote. Tafuta mistari mitatu tu, na uiandike kwenye daftari.

Wa kwanza uko kwenye jedwali la vipimo vya juu kabisa, lile la mwanzoni. Linakwambia volti ambayo ikizidi unaweza kuiua chipu. Kwa LM393, ingizo linaruhusiwa kutoka -0.3 V hadi 36 V. Angalia vizuri hapo: 36 V hiyo haitegemei chipu imelishwa volti ngapi. Hata ukiilisha 5 V, ingizo linaweza kupokea 12 V bila kuungua. Chipu nyingi za aina nyingine haziko hivyo, na nitalirudia hilo baadaye.

Wa pili uko kwenye jedwali la sifa za kazi, mara nyingi ukiwa na alama VICR au VCM. Huu ndio mpaka wa kusema kweli. Kwa LM393 ni kutoka 0 V hadi volti ya kulisha kutoa 1.5 V, chipu ikiwa kwenye 25 °C. Kwa joto lote ambalo chipu imetengenezewa, mtengenezaji anakuhakikishia hadi volti ya kulisha kutoa 2 V tu. Kwa hiyo ukiilisha 5 V, sehemu salama ni 0 hadi 3 V, na kwenye meza yako ya kazi unaweza kuona ikifika 3.5 V.

Wa tatu ni tofauti kubwa inayoruhusiwa kati ya ingizo moja na jingine. Kwa LM393 ni 36 V, hivyo hautakusumbua. Ila wapo mafundi wanaotumia opampu (chipu ya kukuza volti) badala ya komparata wakikosa komparata dukani. Opampu ya NE5532, kwa mfano, ina dayodi mbili (vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) zilizogeuziana mgongo kati ya maingizo yake. Tofauti ikizidi kama 0.6 V, dayodi hizo zinapitisha mkondo na kuyaunganisha maingizo yako mawili. Volti rejea, yaani ile isiyoyumba ya kulinganishia, inavutwa na volti unayoipima, na kipimo chote kinaharibika. Usiitumie kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Elewa hiyo 1.5 V imetoka wapi

Mtu anaweza kuruka hatua hii na sakiti yake ikafanya kazi. Lakini ukiielewa hutahitaji kukariri namba.

Ndani ya LM393, kila ingizo linaanzia kwenye transista za PNP mbili zilizofuatana. Juu yao kuna chanzo cha mkondo kilichofungwa kwenye volti ya kulisha. Kila transista inahitaji kama 0.6 hadi 0.7 V kati ya besi na emita (miguu yake miwili) ili iwake, na chanzo cha mkondo nacho kinataka kidogo cha kupumulia. Jumlisha: inakaribia 1.5 V. Ingizo likipanda mpaka nafasi hiyo ikakosekana, transista zinazimika, na hatua ya kulinganisha haina tena mkondo wa kufanyia kazi. Upande wa chini hauna shida hiyo, ndiyo maana LM393 inasoma vizuri mpaka 0 V kamili.

Kuna jambo hapa linalotuhusu watu wa pwani ya kusini. Wengi hudhani joto la sanduku lililofungiwa juani ndilo linalopunguza eneo hilo halali. Ni kinyume chake. Volti ya besi na emita hupungua kama 2 mV kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo joto linaongeza nafasi kidogo, na baridi ndiyo inayoibana. Hata hivyo usanifu wako uweke kwenye 2 V, si 1.5 V. Mtengenezaji hakuahidi zaidi ya hapo nje ya 25 °C, na chipu utakayobadilisha mwakani inaweza kutoka kiwanda kingine.

Hatua ya 3: Weka volti rejea mahali penye nafasi

Tunahitaji volti moja isiyoyumba ya kulinganishia. TL431, chipu ndogo ya volti rejea, inatoa takriban 2.5 V. Ilishe kutoka kwenye 5 V kupitia rezista ya 1k. Mkondo utakuwa kama 2.5 mA, na TL431 inahitaji 1 mA tu ili itulie. Hiyo 5 V itoke kwa chipu ya kutulizia volti, 7805 au 78L05, ikitanguliwa na dayodi ya 1N4007 kwenye njia ya kuingilia ili mtu akigeuza nyaya za betri asiiunguze.

Volti rejea iende mguu wa 2 wa LM393, ambao ni ingizo hasi la komparata ya kwanza. Mguu wa 8 ni 5 V, mguu wa 4 ni graundi. Weka kapasita ya 100 nF kati ya miguu hiyo miwili, karibu kabisa na chipu.

Sasa jiulize swali ambalo ndilo linaloamua kila kitu: je, 2.5 V iko ndani ya eneo halali? Tumelisha 5 V, eneo ni 0 hadi 3 V. Ndiyo, iko ndani, na imebaki na nusu volti ya akiba. Vizuri.

Hatua ya 4: Gawanya volti ya betri, kisha pima kila hali

Betri ya 12 V haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye ingizo, inabidi igawanywe. Juu weka 27k na 10k zilizofuatana (jumla 37k), chini weka 10k. Rezista hizi zinapatikana kila mahali. Mgawanyo ni 10 kwa 47, yaani 0.213. Kutoka kwenye kiungo cha katikati, pitisha rezista nyingine ya 10k kisha uingie mguu wa 3, ingizo chanya. Kazi ya hiyo 10k ya mwisho utaiona kwenye hatua ya 6.

Sasa usihesabu hali moja tu ya betri. Hapa ndipo fundi makini anapojitofautisha. Kaa na kikokotoo upite hali zote ambazo betri hiyo itakutana nazo baharini na nchi kavu.

Betri ikiwa 11.7 V, kiungo kina 2.5 V, sawa na rejea. Hapo ndipo pa kukata, kabla hatujaweka histeresisi, yaani pengo kati ya volti ya kukata na ya kurudisha. Betri ikiwa imejaa na kupumzika, 12.7 V, kiungo kina 2.7 V. Iko ndani.

Betri ikiwa kwenye chaji ya sola, 14.4 V, kiungo kina 3.06 V. Hiyo imepita 3 V kidogo. Je, ni kosa? Hapana, na hapa kuna kanuni ya LM393 inayofaa kukaa kichwani: ikiwa ingizo moja limetoka nje ya eneo halali kwa juu lakini jingine limebaki ndani, jibu linabaki sahihi, mradi hakuna lililovuka mpaka wa kuungua. Rejea yetu iko 2.5 V, iko ndani. Komparata itasema betri ni kubwa kuliko rejea, na ndivyo ilivyo. Hatari inaanza pale maingizo yote mawili yakitoka nje kwa pamoja. Hapo usiamini chochote.

Betri ikishuka hadi 6.5 V kwa muda mfupi, labda kwa sababu mtu amewashia injini betri hiyohiyo, 7805 nayo inashindwa kutoa 5 V. Inaweza kutoa 4 V tu. Eneo halali linashuka hadi 2 V, na rejea ya 2.5 V inajikuta nje. Lakini kiungo cha betri kina 1.4 V, kiko ndani. Jibu ni sahihi: kata. Sakiti inavumilia.

Hali ya mwisho ni rezista ya chini kuachia. Hewa ya chumvi inakula maungio, tena haraka. Ile 10k ya chini ikiachia, betri yote inajitokeza kwenye mguu wa 3 kupitia 37k na 10k: 12 V au 14 V kwenye chipu iliyolishwa 5 V. LM393 haiungui, kwa kuwa mpaka wake ni 36 V. Lakini kila mara itaona betri imejaa na haitakata kamwe. Hilo chipu haiwezi kulitibu. Linatibiwa na kulehemu vizuri na kupaka vanishi.

Hatua ya 5: Epuka mtego wa 3.3 V

Nimeiweka hatua hii peke yake kwa sababu ndiyo inayowakamata vijana wengi wanaojua kazi. Mtu anajenga sakiti kama ya hapo juu, inafanya kazi. Baadaye anataka kuiunganisha na ESP32, kompyuta ndogo ya chipu yenye Wi-Fi, ili simu ionyeshe hali ya betri. ESP32 inatumia 3.3 V. Anaona hakuna haja ya kuwa na volti mbili kwenye bodi, anatoa 5 V, anailisha LM393 ile 3.3 V. Karatasi ya data inasema LM393 inafanya kazi kuanzia 2 V, kwa hiyo anaamini yuko salama. Taa ya majaribio inawaka. Kazi imekwisha.

Haijaisha. Lisha 3.3 V, toa 1.5 V, inabaki 1.8 V. Toa 2 V, inabaki 1.3 V. Rejea iko 2.5 V, nje. Kiungo cha betri, betri ikiwa popote juu ya 8.5 V, kiko juu ya 1.8 V, nacho nje. Maingizo yote mawili yako nje kwa wakati mmoja, katika kila hali ya kawaida ya betri. Tokeo, yaani mguu wa jibu, linaweza kubaki juu likisema betri ni nzima, hata betri ikishuka hadi 10 V. Hakuna kilichoungua. Mita ukiiweka kwenye kila mguu inaonyesha volti unazozitarajia. Isipokuwa jibu lenyewe ni la uongo.

Njia za kutoka ziko kadhaa, lakini kwangu ya kwanza ndiyo bora. Tokeo la LM393 ni la kolekta wazi: chipu inaweza kuvuta mguu wa tokeo chini, lakini haiwezi kuusukuma juu. Juu unavutwa na rezista unayoiweka wewe. Maana yake unaweza kuilisha chipu 5 V na kuifunga rezista hiyo ya kuvutia juu kwenye 3.3 V. Eneo halali linabaki 3 V, na ESP32 inapokea 3.3 V isiyoidhuru. Rezista moja inahamishwa, tatizo linakwisha.

Njia ya pili ni kushusha rejea. TL431 haishuki chini ya 2.5 V, ila ipo TLV431 inayotoa 1.24 V. Utabadili pia kigawanyo ili betri ya 11.7 V itoe 1.24 V. Inafanya kazi, lakini ukihesabu kwa ile 1.3 V ya uhakika unabaki na akiba ya 0.06 V. Mimi siwezi kulala usingizi kwa akiba hiyo.

Njia ya tatu ni kubadili chipu, na ina masharti yake, utayaona kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 6: Linda upande wa chini ya sifuri

Upande wa juu LM393 ni mvumilivu. Upande wa chini siyo. Mpaka ni -0.3 V, na sababu ni kwamba ndani ya chipu kuna kiungo cha silikoni ambacho hakikukusudiwa kufanya kazi, kati ya ingizo na mwili wa chipu wenyewe. Ingizo likishuka chini ya graundi, kiungo hicho kinawaka kama dayodi, mkondo unatawanyika humo ndani, na tokeo linaweza kugeuka bila sababu. Mkondo ukiwa mkubwa, chipu inakufa.

Volti hasi inatoka wapi kwenye boti ya betri moja? Inatoka kwa mtu aliyegeuza nyaya gizani: -12 V kwenye betri inakuwa karibu -2.6 V kwenye kiungo. Inatoka pia kwenye waya mrefu unaoenda taani. Ukikatwa ghafla, waya unarusha mshindo wa volti wa muda mfupi sana unaoweza kwenda chini ya sifuri. Pampu ya kutolea maji na mota yoyote iliyo kwenye betri hiyo inaweza kufanya vivyo hivyo.

Ulinzi ni dayodi moja ya 1N4148 kutoka kwenye kiungo kwenda graundi, katodi (upande wenye mstari) ikitazama kiungo. Kiungo kikishuka, dayodi inashika kwenye kama -0.7 V. Hiyo bado imezidi -0.3 V, ndiyo maana tuliweka ile 10k kati ya kiungo na mguu wa 3: kinachobaki kuingia kwenye chipu ni makumi machache ya mikroampia, na LM393 inastahimili. Kanuni ninayoifuata ni mkondo wa kuingia upande huo usifike 1 mA hata siku moja.

Watu wengine wanapendekeza dayodi ya Schottky kama 1N5819 kwa kuwa inashika mapema. Kwa sakiti hii siipendi. Dayodi hizo zinavujisha mkondo upande wa nyuma, na sanduku likipata joto la mchana wa Lindi uvujaji unaongezeka sana. Kiungo chetu kina ukinzani wa karibu 8k, kwa hiyo kila mikroampia 10 inayovuja inashusha kiungo 80 mV, sawa na kosa la karibu 0.4 V upande wa betri. Ungekuwa umejilinda na mshindo wa kitambo kidogo kwa kuharibu kipimo cha saa zote.

Sambamba na dayodi weka kapasita ya 1 µF isiyo ya elektroliti. Inameza mishindo, na ina faida ya pili wakati wa kuwasha. Katika milisekunde za kwanza 5 V bado inapanda, TL431 haijashika, na rejea inafuata volti ya kulisha. Bila kapasita, kiungo nacho kingekuwa tayari juu na maingizo yote yangekuwa nje. Kapasita inakishikilia kiungo karibu na sifuri kwa milisekunde kadhaa, hivyo ingizo moja linakuwa ndani na tokeo linaanza chini, taa zikiwa zimezimwa.

Komparata ya pili ndani ya LM393, kama huitumii, funga maingizo yake yote, miguu ya 5 na 6, kwenye graundi pamoja na tokeo lake, mguu wa 7. Ukiyaacha yananing'inia yatachukua kelele.

Hatua ya 7: Ukitumia komparata ya CMOS, badilisha fikra

CMOS ni aina nyingine ya utengenezaji wa chipu, na MCP6541 ni mfano mzuri. Inalishwa 1.6 hadi 5.5 V, na eneo lake halali linafunika volti yote ya kulisha, kutoka graundi hadi juu kabisa. Mtego wa 3.3 V haupo kabisa. Ndiyo maana wengi wanaikimbilia.

Ila imebadilisha tatizo, haikuliondoa. Ndani yake kila ingizo lina dayodi ya kulinda inayokwenda kwenye volti ya kulisha na nyingine inayokwenda graundi. Ile 36 V ya LM393 isahau. Ingizo likizidi volti ya kulisha kwa zaidi ya 0.3 V, dayodi inaanza kupitisha mkondo, na mkondo huo lazima uwekewe kikomo kwa rezista. Kwenye chipu hii kikomo ni 2 mA. Kwa kigawanyo chetu, hata rezista ya chini ikiachia, mkondo ungekuwa kama 0.2 mA, hivyo tuko salama. Lakini wapo wanaotumia rezista ndogo, 1k juu ya 270 Ω, wakidhani kipimo kitatulia zaidi. Hao, siku rezista ya chini ikiachia, wanapitisha karibu 9 mA.

Jambo la pili: chipu isiyo na umeme. Ukizima 5 V kwa swichi lakini kigawanyo kikabaki kwenye betri, mkondo unaingia kupitia dayodi ya ingizo na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma. Inaamka nusu, na tokeo lake linafanya mambo yasiyoeleweka. LM393 haina dayodi hiyo ya juu, kwa hiyo hailishwi namna hiyo. Ukitumia CMOS, swichi ikate kigawanyo na chipu kwa pamoja.

Tena tokeo la MCP6541 linasukuma na kuvuta, si kolekta wazi. Ujanja wa kulisha 5 V na kuvutia juu kwenye 3.3 V hauwezekani hapo.

Hatua ya 8: Pima chipu yako mezani

Chipu za kughushi zipo nyingi, na za kung'oa kwenye bodi za zamani huwezi kujua zimepitia nini. Jaribio hili linachukua muda mfupi na linakuonyesha mpaka wa kusema kweli kwa macho yako.

Lisha LM393 5 V. Tengeneza mnyororo kutoka 5 V hadi graundi: kwanza volyumu ya 10k iliyofungwa kama rezista ya kubadilika, kisha 220 Ω, kisha 10k ya kawaida. Sehemu ya juu ya ile 220 Ω iende mguu wa 2, ya chini iende mguu wa 3. Kwa hiyo ingizo hasi linakuwa juu ya ingizo chanya daima, kwa tofauti ya kati ya 54 na 108 mV. Kwenye tokeo, mguu wa 1, weka LED na rezista ya 1k kutoka 5 V. Ingizo hasi likiwa kubwa tokeo linavutwa chini, LED inawaka. Na kwa kuwa ingizo hasi ni kubwa siku zote, LED haitakiwi kuzimika hata mara moja.

Anza volyumu ikiwa kwenye 10k kamili. Mguu wa 2 utasoma kama 2.5 V na LED inawaka. Zungusha taratibu, mita ikiwa kwenye mguu wa 2. Volti inapanda: 3 V, 3.3 V, 3.5 V. Chipu nzuri inavuka 3.5 V ikiwa bado inasema kweli. Endelea. Mahali fulani juu ya hapo LED inazimika, ilhali hujabadilisha ipi kubwa. Hapo ndipo mpaka ulipo. Iandike hiyo namba. LED ikizimika kabla ya 3.5 V chipu ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba, chipu hiyo haijatimiza karatasi yake. Usiiweke kwenye kazi ya mtu.

Ukiwa na draya ya saluni, ipashe chipu moto na urudie. Utaona mpaka unasogea juu kidogo, kama hatua ya 2 ilivyosema.

Hatua ya 9: Histeresisi, swichi na sanduku

Weka rezista ya 10k ya kuvuta tokeo hadi 5 V, na rezista ya 470k kutoka tokeo kurudi mguu wa 3. Bila hiyo 470k, taa zikikatwa betri inapanda kidogo, taa zinarudi, betri inashuka, na zitakuwa zinapepesa mpaka alfajiri. Kwa thamani hizi sakiti inakata betri ikifika karibu 11.3 V na inarudisha karibu 12.15 V. Taa zikirudi zenyewe kabla ya betri kuchajiwa, punguza 470k hadi 390k. Ukifuata ule ujanja wa kuvutia juu kwenye 3.3 V, kukata kutapanda hadi kama 11.6 V, kwa sababu histeresisi inategemea volti ya tokeo.

Tokeo liendeshe geti (mguu wa kuamuru) la mosfeti, transista ya kuwashia taa, inayowaka kwa 5 V, kama IRLZ44N, iliyokaa upande wa hasi wa taa.

Makosa ya vipimo yapo, lakini ni madogo. Kuhitilafiana kwa maingizo ya LM393 kunaweza kufika 5 mV kwenye 25 °C, sawa na kama 24 mV upande wa betri. Mkondo wa maingizo, kwa hali mbaya kabisa ya 250 nA kwenye 25 °C, unaongeza kama 20 mV. Uvumilivu wa rezista ndio unaoweza kukupotosha zaidi, hivyo tumia za asilimia 1 kwenye kigawanyo, au pima za kawaida kwa mita uchague.

Mwisho, osha bodi kwa spiriti ili mabaki ya kulehemu yasivute unyevu, ikauke kabisa, kisha paka vanishi pande zote mbili, hasa kuzunguka kigawanyo na miguu ya 2 na 3. Chumvi yenye unyevu kati ya miguu hiyo ni rezista ambayo hukuichora. Sanduku lifungwe na nyaya ziingilie kwa chini. Betri ikiwa imeshaunganishwa, pima volti ya mguu wa 8, wa 2 na wa 3 kwa mara ya mwisho, na uziandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko, ili fundi atakayelifungua sanduku hilo baadaye ajue ilivyokuwa ikisoma ilipokuwa nzima.